Mabusha ya Pwani ya Lindi na Chakula cha Mbegu za Kiume

Katika vijiji vya pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na mdomo wa mto Lukuledi, busha ni ugonjwa unaojulikana kwa macho kabla haujajulikana kwa vipimo, kwa kuwa mfuko wa korodani uliojaa maji haufichiki chini ya msuli wala kikoi. Mazungumzo juu ya maradhi hayo huishia mara nyingi katika ukubwa wa uvimbe, aibu ya mgonjwa, na swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, yaani kama mwenye busha bado anaweza kuzaa. Swali hilo ni la haki, lakini halijibiki kwa kuutazama uvimbe peke yake. Jibu lake limo ndani zaidi, katika korodani yenyewe iliyozungukwa na maji hayo, na hasa katika namna seli za kiungo hicho zinavyopata, zinavyogeuza na zinavyogawana chakula ili mbegu za kiume zikue. Kwa maneno ya wanabiolojia, limo katika umetaboli wake, ambao ni jumla ya mabadiliko ya kikemikali yanayoiwezesha seli kujipatia nguvu na mali ghafi ya kujijenga.

Korodani ya mtu mzima imejaa mirija myembamba iliyojikunja na kusongamana, ambayo upana wa mmoja haufiki theluthi moja ya milimita, na ambayo ikinyooshwa na kuungwa pamoja hufikia mamia ya mita. Mbegu hutengenezwa ndani ya mirija hiyo. Katika nafasi zilizo baina ya mirija hupita mishipa ya damu na ya limfu, na hapo ndipo zinapokaa seli alizozieleza Mjerumani Franz Leydig mwaka 1850, ambazo kazi yake kubwa ni kutengeneza testosteroni, homoni inayoleta ndevu na sauti nzito na ambayo pia ni sharti la mbegu kukomaa. Ukutani mwa mrija, kwa upande wa ndani, hukaa seli chanzi ambazo hugawanyika bila kukoma tangu balehe hadi uzeeni. Baadhi ya vizazi vyake hubaki kuwa chanzi ili akiba isiishe, na vingine huanza safari ya kusogea kuelekea katikati ya mrija, vikipita kwanza katika hatua ya kupunguza kromosomu kutoka 46 hadi 23, kisha hatua ya seli za duara ziitwazo spamatidi, na mwishowe hatua ya kurefuka, kuota mkia na kutupa karibu ujiuji wote wa seli. Katika miaka ya 1960 watafiti Carl Heller na Yves Clermont, waliotia alama ya mnunurisho katika DNA ya seli hizo na kuifuatilia, walikadiria kwamba safari nzima kwa binadamu huchukua siku zipatazo 74. Kwa kuwa kila sehemu ya mrija huanza kundi jipya kabla ya lile la zamani kumaliza, mwanamume mwenye afya hutoa mbegu zaidi ya 1,000 kila sekunde, usiku na mchana.

Uzalishaji wa kiwango hicho unahitaji nishati nyingi na vifaa vingi vya ujenzi, na hapa panajitokeza jambo ambalo huwashangaza hata wanafunzi wa udaktari: hakuna mshipa wa damu hata mmoja unaoingia ndani ya mrija wa mbegu. Damu huishia nje ya ukuta, kwa hiyo kadiri seli inavyosogea kuelekea katikati ndivyo inavyokwenda mbali na chanzo cha oksijeni na sukari. Umbali si kizuizi pekee. Katika uchunguzi wa korodani za panya uliochapishwa mwaka 1970, Martin Dym na Don Fawcett walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba seli fulani kubwa ndani ya mrija hushikana ubavu kwa ubavu kwa viungo vilivyokazwa kiasi cha kuzuia vitu vingi vya kwenye damu visipenye, na hivyo kuugawa mrija katika vyumba viwili, kimoja cha nje kinachofikiwa na damu kwa urahisi na kingine cha ndani kilichofungiwa. Uzio huo una faida kubwa, kwa sababu mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, miaka mingi baada ya askari wa kinga ya mwili kujifunza kutambua seli za nyumbani, na zisingefichwa zingeshambuliwa kama wageni. Gharama yake ni kwamba seli zilizoko ndani ya uzio haziwezi kujitafutia chakula, na zinategemea kila kitu kutoka kwa zile zilizoujenga uzio huo.

Seli hizo zinaitwa seli za Sertoli, kwa jina la Mwitaliano Enrico Sertoli aliyezieleza mwaka 1865 akiwa kijana wa miaka 23. Kila moja husimama wima kutoka ukutani hadi katikati ya mrija, ikiwa na matawi na mifuko ambamo seli kadhaa za mbegu za umri tofauti hukumbatiwa kwa wakati mmoja. Idadi ya seli za Sertoli huwa imekwisha kupangwa kwa kiasi kikubwa mtu anapobalehe, na kwa kuwa kila moja ina kikomo cha watoto inaoweza kuwalea, idadi hiyo huweka mpaka wa mbegu ambazo mwanamume ataweza kuzalisha maishani mwake.

Namna seli za Sertoli zinavyolisha ndiyo sehemu yenye utajiri mkubwa zaidi katika elimu hii, na inastahili kuelezwa kwa utulivu. Chakula kikuu kinachotoka kwenye damu ni glukosi, sukari rahisi ambayo seli za Sertoli huivuta kupitia protini maalumu zilizopachikwa katika utando wao kama milango. Ndani ya seli, molekuli moja ya glukosi hukatwa vipande viwili vya pairuveti, na kazi hiyo, isiyohitaji oksijeni, hutoa faida halisi ya molekuli mbili tu za ATP, ambayo ndiyo fedha taslimu inayotumika katika kila shughuli ya seli. Seli nyingi za mwili, zikiwa na oksijeni ya kutosha, haziishii hapo, bali huipeleka pairuveti ndani ya mitokondria, vyumba vidogo vya kuchomea chakula, na kujipatia ATP zipatazo 30 kwa kila glukosi. Seli za Sertoli hufanya kinyume cha matarajio hayo. Huigeuza sehemu kubwa ya pairuveti kuwa lakteti, ile kemikali ambayo msuli wa mkimbiaji huitoa unapokosa oksijeni, na kuisukuma nje kuelekea kwa seli za mbegu, japokuwa oksijeni ya kuichoma ingekuwepo. Mwenendo kama huo uligunduliwa na Otto Warburg katika seli za saratani miaka ya 1920 na ukahesabiwa kuwa dalili ya maradhi. Katika korodani ni utaratibu wa kila siku wa malezi.

Swali linalofuata ni seli za Sertoli zenyewe zinaishi kwa nini, ikiwa zimetoa sehemu kubwa ya nishati iliyokuwa ndani ya glukosi. Zinajikimu kwa mafuta. Seli nyingi za mbegu hufa kabla ya kukomaa, na kila inayofikia mwisho wa safari huacha nyuma donge la ujiuji uliobaki, na seli za Sertoli humeza mabaki yote hayo, huyavunja, na kuchoma mafuta yaliyomo ndani ya mitokondria zao. Ni sawa na mama wa pwani anayekuna nazi, akawagawia watoto tui, na yeye akaridhika na machicha.

Seli za mbegu kwa upande wao zina sababu ya kuipenda lakteti. Zile chanzi, zilizoko nje ya uzio karibu na damu, hutumia glukosi moja kwa moja. Baada ya kuvuka uzio mambo hubadilika. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba spamatidi za panya zilizotengwa na walezi wake haziwezi kudumisha akiba ya ATP zikipewa glukosi pekee, lakini zikipewa lakteti hujimudu. Seli hizo huivuta lakteti kwa milango yake, huirudisha kuwa pairuveti, na kuiingiza katika mitokondria ambako sasa huchomwa kikamilifu. Kazi ya kuirudisha hufanywa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemikali, ambacho aina yake ya pekee, iliyotambuliwa mwaka 1963, hupatikana karibu katika seli za mbegu tu. Mwili ulikuwa na aina nyingine za kimeng'enya hicho katika misuli, moyo na ini, na bado ukaiwekea mbegu ya kwake.

Pengine jaribio linalosema mengi zaidi juu ya uhusiano wa chakula na joto ni lile la Jean-Luc Courtens na Leif Plöen lililochapishwa mwaka 1999. Watafiti hao walichukua panya wakubwa ambao korodani zao ziliwekwa tumboni, mahali ambapo joto la mwili huvuruga utengenezaji wa mbegu, wakazimiminia lakteti polepole, na wakaona utengenezaji huo ukiwa katika hali bora kuliko ule wa korodani ambazo hazikupewa. Lakteti haikuponya kila kitu, lakini matokeo yalidokeza kwamba sehemu ya madhara ya joto ni njaa: seli zinazolelewa zinakufa kwa sababu mlezi ameshindwa kutoa chakula kinachotosha.

Mbegu iliyokamilika ina uchumi wake mwingine, ambao hautahitaji maneno mengi hapa. Mitokondria zake hupangwa kama koili katika shingo ya mkia, ilhali sehemu kubwa ya mkia huendeshwa kwa kuvunja sukari papo hapo. Panya dume waliozalishwa bila kile kimeng'enya cha pekee walitengeneza mbegu kama kawaida, lakini mbegu hizo hazikuweza kuogelea ipasavyo na madume wakawa karibu tasa kabisa, jambo linaloonyesha kwamba wingi wa mbegu na nguvu ya mbegu ni mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa katika maabara wala katika mazungumzo ya barazani.

Korodani huning'inia nje ya mwili kwa sababu ya joto. Ili kazi iliyoelezwa iende sawa, zinahitaji kuwa na nyuzi 2 hadi 4 za selsiasi chini ya joto la ndani ya mwili, na tofauti hiyo huhifadhiwa kwa ufundi wa aina tatu unaosaidiana. Ngozi ya mfuko ni nyembamba, haina mafuta, na hutoa jasho jingi. Misuli iliyo chini yake huuvuta mfuko juu wakati wa baridi na kuulegeza wakati wa joto. Na mishipa ya vena inayorudisha damu iliyopoa hujizungusha kama wavu kuuzunguka mshipa wa ateri unaoshusha damu ya moto, hata damu inapofika korodanini ikawa imekwisha kupoteza sehemu ya joto lake. Korodani ikipata joto, seli zake huongeza matumizi ya oksijeni bila damu kuongezeka kwa kiasi hichohicho, na kwa miongo mingi vitabu vya mifugo na vya tiba vilifundisha kwamba ukosefu huo wa oksijeni ndio unaoua mbegu. Majaribio ya miaka ya karibuni ya madume ya kondoo nchini Kanada yameitia shaka nadharia hiyo, kwa kuwa wanyama waliopunguziwa oksijeni bila kuongezewa joto hawakupata madhara yaliyotarajiwa, na wale waliopata joto walidhurika hata walipopewa hewa yenye oksijeni nyingi. Joto lenyewe, kwa kuharibu protini na kuzalisha kemikali kali za oksijeni ndani ya seli, linaonekana kuwa mkosaji mkuu.

Pwani ya Lindi inaingia katika habari hii kwa njia ya mnyoo. Wuchereria bancrofti, mnyoo mwembamba kama uzi ambao jike lake hufikia sentimita 8 hadi 10, huishi ndani ya mishipa ya limfu ya binadamu, ile inayokusanya majimaji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu. Joseph Bancroft aliuona mnyoo mkubwa huko Brisbane, Australia, mwaka 1876, na mwaka uliofuata Patrick Manson, daktari Mskochi aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa bandari wa Amoy nchini China, aligundua kwamba watoto wa mnyoo hukua ndani ya mwili wa mbu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mdudu anayenyonya damu kuthibitishwa kuwa na sehemu katika ugonjwa wa binadamu. Watoto hao, waitwao mikrofilaria, hujitokeza katika damu ya pembezoni usiku, saa ambazo mbu wa pwani ya Afrika Mashariki wanauma, wakiwemo Anofelesi wanaoeneza pia malaria na Kuleksi wanaozaliana katika vyoo vya shimo na maji machafu. Mtu mmoja huhitaji kuumwa mara nyingi, kwa miezi au miaka, kabla minyoo dume na jike haijakutana na kuzaana mwilini mwake, na ndiyo maana ugonjwa huonekana zaidi kwa wenyeji wa muda mrefu, na busha hukua zaidi kwa watu wazima.

Wenyeji wengi wa mwambao wa Tanzania wameambiwa tangu utoto kwamba busha linatokana na kunywa madafu. Dhana hiyo haina ukweli wa kitabibu, ingawa si ya kipuuzi kama inavyodhaniwa na watu wa bara, kwani mnazi na mbu hupenda ukanda uleule wa joto, unyevu na mwinuko mdogo, na mtu akilinganisha ramani ya minazi na ramani ya mabusha atakuta zinafanana sana. Kinachokosekana katika dhana hiyo ni yule mpatanishi anayeruka usiku.

Kwa wanaume wengi walioambukizwa, minyoo wakubwa hujenga makao katika mishipa ya limfu ya mfuko wa korodani. Mwaka 1994 watafiti waliokuwa Recife, Brazili, walichapisha picha za mawimbi ya sauti, kipimo kinachojulikana hospitalini kama ultrasaundi, zilizoonyesha minyoo hai ikijinyonganyonga bila kupumzika ndani ya mishipa hiyo, na wakauita mwenendo huo ngoma ya filaria. Mishipa yenye wapangaji hao hutanuka, vali zake hushindwa kazi, na minyoo inapokufa mwili hujibu kwa uvimbe unaoziba njia. Korodani imezungukwa na utando wa tabaka mbili ambao kwa kawaida huwa na majimaji kidogo tu ya kulainisha. Majimaji hayo yanapokosa njia ya kuondoka hujikusanya mwaka hadi mwaka, na nafasi iliyokuwa ya matone ikaja kubeba lita moja au zaidi.

Hapo ndipo elimu ya chakula cha mbegu na ugonjwa wa pwani hukutana. Maji mengi yanayoizunguka korodani ni blanketi linaloitenga na ngozi iliyokusudiwa kuipoza. Ngozi yenyewe, ikiwa imetanuka na mara nyingi kuwa nene kwa sababu ya limfu iliyokwama, hupoteza wepesi wake wa kujikunja na kulegea. Shinikizo la maji huibana korodani na mishipa yake midogo. Vipimo vya mwendo wa damu vilivyofanywa kwa wagonjwa wa mabusha kabla na baada ya upasuaji vimeonyesha kwamba ukinzani wa damu kupita hupungua maji yanapoondolewa. Kwa mrija usio na mshipa wa damu ndani yake, ambao seli zake za Sertoli zinapaswa kuvuta glukosi kutoka umajimaji wa nje na kuigeuza lakteti kwa ajili ya maelfu ya seli zinazosubiri, joto la ziada na damu inayopita kwa shida ni mzigo unaogusa kila hatua ya malezi. Seli zinazodhurika mapema zaidi ni zile zilizo katika hatua ya kupunguza kromosomu na spamatidi za duara, yaani hasa zile zilizoko nyuma ya uzio, zinazoishi kwa kulishwa.

Pamoja na hayo, ingekuwa makosa kumtangaza kila mwenye busha kuwa tasa. Uchunguzi wa tishu za korodani zilizotolewa wakati wa upasuaji umeonyesha kwamba kwa wagonjwa walio wengi utengenezaji wa mbegu huendelea, na kwa wachache huwa umepungua, na kwa baadhi yao umesimama kabisa, hususan pale maji yalipokaa muda mrefu na korodani kubonyea. Mwanamume ana korodani mbili, na busha mara nyingi huanza upande mmoja. Zipo pia njia nyingine ambazo ugonjwa huo hupunguza uzazi bila kugusa umetaboli: uvimbe mkubwa humeza uume na kufanya tendo la ndoa kuwa gumu, na fedheha humfanya mgonjwa akwepe ndoa kabisa. Kukadiria uwezo wa mtu kwa ukubwa wa busha lake ni kubahatisha, ilhali kipimo cha shahawa kinahitaji hadubini, kikombe safi na mtaalamu wa maabara aliyefunzwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 katika kila mililita kuwa kiwango cha chini cha marejeo, pamoja na kuangalia mwendo na umbo lake. Shirika hilohilo lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila sita duniani hukumbana na tatizo la uzazi katika maisha yake, na sehemu kubwa ya matatizo hayo humhusu mwanamume, peke yake au pamoja na mwenzake. Ni jambo la kusikitisha, na linafaa kusemwa waziwazi, kwamba katika nyumba nyingi za pwani mke huzungushwa kwa waganga miaka mingi kabla mume hajaombwa kutoa shahawa za kupimwa, hata pale ambapo ugonjwa wa mume unaonekana na mtaa mzima.

Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha mwaka 2000, na kisiwa cha Mafia, jirani wa kaskazini wa Kilwa, kilikuwa mahali pa kwanza kugawiwa dawa. Mpango huo uliongozwa katika miaka yake ya mwanzo na Dkt. Mwele Ntuli Malecela wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambaye baadaye aliiongoza taasisi hiyo na hatimaye idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa yaliyosahaulika, hadi alipofariki dunia Februari 2022. Utaratibu wa kingatiba ni kuwapa watu wa eneo zima, wagonjwa na wasio wagonjwa, vidonge vya albendazoli na ivamektini mara moja kwa mwaka, huku idadi ya vidonge vya ivamektini ikiamuliwa kwa fimbo ya kupimia urefu badala ya mizani. Dawa hizo husafisha mikrofilaria katika damu ili mbu asipate cha kubeba. Maambukizi yamepungua sana nchini, lakini katika baadhi ya halmashauri za Lindi na Mtwara ugawaji umelazimika kuendelea kwa miaka mingi kuliko sehemu za bara.

Sababu moja ya mwendo huo wa kusuasua katika mwambao wa Tanzania ni shaka ya watu. Melissa Parker na Tim Allen, wanaanthropolojia waliofuatilia ugawaji katika pwani ya Tanga, walikuta watu wazima wengi wakiziacha dawa, na miongoni mwa hofu zilizokuwa zikizunguka ni kwamba zililetwa kupunguza uzazi. Kinyume hicho ni kichungu, kwani dawa iliyotuhumiwa kuua uzazi ndiyo inayomkatia njia mnyoo anayekwenda kutia kambi jirani kabisa na mirija ya mbegu. Hata hivyo, lawama haiwezi kuwekwa kwa wanavijiji pekee. Mtu aliyepewa vidonge mlangoni bila kuelezwa vinafanya nini, na ambaye anaona busha la jirani yake halikupungua hata baada ya kumeza dawa miaka mitano, ana haki ya kuuliza; na jibu, ambalo wagawaji hawakulitoa kwa uzito unaostahili, ni kwamba vidonge hivyo huzuia maambukizi mapya na haviondoi maji yaliyokwisha kujaa.

Kuna jambo jingine linalotatiza picha ya uzazi katika ukanda huu, nalo ni homa. Mwanamume anayepatwa na malaria kali, au na mashambulizi ya ghafla ya homa na maumivu ya kinena yanayowapata wagonjwa wa minyoo hiyo ya limfu, hupandisha joto la mwili mzima kwa siku kadhaa, na seli za mbegu zilizokuwa katikati ya safari yake hupata pigo. Mbegu zinazotoka wiki hiyo huwa karibu za kawaida kwa kuwa zilikamilika kabla ya homa, lakini mwezi mmoja au miwili baadaye idadi hushuka, wakati mgonjwa amekwisha kusahau kwamba aliugua. Tabibu anayepima shahawa mara moja tu katika mwambao wenye malaria anaweza kumhukumu mtu kwa homa iliyopita, na kwa sababu hiyo kipimo kibaya hurudiwa.

Maji ya busha huondolewa kwa kisu. Kuyafyonza kwa sindano, jambo ambalo baadhi ya wagonjwa huliomba kwa kuogopa upasuaji, huleta nafuu ya wiki chache kisha hujaa tena, na kila tundu la sindano ni mlango wa bakteria. Upasuaji wenyewe si wa kutisha: mfuko hufunguliwa, maji hutolewa, utando uliokuwa ukiyatunza hukatwa au kugeuzwa ili usiweze kuyakusanya tena, na korodani hurudishwa mahali pake. Unaweza kufanyika katika hospitali kama Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, Sokoine katika manispaa ya Lindi, au Nyangao katika barabara ya kwenda Masasi, na kambi maalumu za upasuaji wa mabusha zimekuwa zikiendeshwa mkoani ili kuwafikia wale ambao nauli na kazi za baharini au za chumvi huwazuia kusafiri. Mgonjwa hushauriwa kutobeba mizigo mizito kwa wiki kadhaa, na hilo kwa mvuvi anayesukuma mtumbwi ni sharti gumu kuliko kisu chenyewe.

Kwa mwanamume anayetaka mtoto, hesabu ya siku huanzia hapo. Seli chanzi iliyoanza safari yake siku korodani ilipoondokewa na joto na shinikizo itahitaji siku zipatazo 74 ndani ya mrija, kisha siku kadhaa hadi wiki mbili za kupita katika epididimisi, mfereji mrefu ulio mgongoni mwa korodani ambamo mbegu hujifunza kuogelea. Shahawa zikipimwa mwezi mmoja baada ya upasuaji, kinachoonekana chini ya hadubini ni mbegu ambazo malezi yake yalianza ndani ya busha; kipimo chenye maana huja baada ya miezi mitatu, na kikiwa bado ni hafifu hurudiwa baada ya mzunguko mwingine wa mbegu, kabla tabibu hajatoa neno lolote juu ya uwezo wa mtu huyo kuzaa.